Kabla ya Kulipia Fremu, Nunueni Daftari

Leo nataka tuongelee jambo ambalo limeingia kwenye mahusiano mengi hapa Arusha bila hata kupiga hodi: ndoto ya kufungua duka la nguo.

Si unajua tena inavyokuwa. Watu wawili wanapendana, wote wana ajira, mmoja yuko benki, mwingine kampuni ya utalii. Wameweka akiba miaka miwili, mitatu. Bibie anajua kupiga pamba; kila akitinga kiwalo kipya ofisini mashosti wanamuuliza amekitoa wapi. Siku moja anamwambia mwenzake, "Hivi kwa nini tusifungue butiki?" Basi, imetoka hiyo. Akiba iliyokuwa ya kiwanja cha Moshono inageuka kodi ya fremu ya miezi sita kwa mkupuo, kilemba cha aliyekuwepo, rafu za vioo, na tiketi ya Dubai au Guangzhou. Mwaka haujaisha, nguo zinaning'inia zikila vumbi, na nyumbani chakula kinaliwa kimya kimya. Ukimuuliza mke, atasema mume hakumuunga mkono. Ukimuuliza mume, atasema yeye alionya tangu mwanzo.

Nimeziona ndoa za namna hiyo, tena si moja wala mbili. Na ninavyoona mimi, wengi wao hawakukosa mapenzi wala mtaji. Walikosa utafiti. Najua ukisikia neno hilo unakumbuka chuo, dodoso la kurasa nane ambalo wenzako wengine walilijaza wenyewe usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Tulia. Biashara ya mitindo duniani inaendeshwa kwa utafiti kuanzia kiwandani hadi dukani, na njia zake nyingi unaweza kuzitumia ukiwa na daftari la mistari, kalamu na Jumamosi mbili.

Ushanga uliokataliwa

Kwanza tuondoe ile dhana kwamba utafiti wa mitindo ni mambo ya Paris. Ukanda wetu huu uliwafundisha wafanyabiashara wa dunia adabu hiyo zamani sana. Karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba vitambaa na shanga kama fedha. Tatizo lilikuwa kwamba kila eneo lilikuwa na mtindo wake. Henry Morton Stanley alipokuwa anajiandaa Zanzibar mwaka 1871 ilibidi aketi na wafanyabiashara waliozijua njia, awaulize watu wa wapi wanavaa nini. Akaambiwa kuwa ushanga mweusi unakubalika Ugogo, ila kwingine ni takataka. Ukikosea rangi, msafara unakufa njaa huku una mizigo ya shanga begani.

Joseph Thomson alipopita Taveta mwaka 1883 akielekea kwa Wamasai, watu wake walilazimika kuzitunga upya shanga zote, kwa sababu Wamasai walitaka uzi wa urefu fulani na si vinginevyo. Naye Richard Burton, aliyesafiri bara miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kuwa ushanga mwekundu wa samesame ulipewa jina la utani la kivunja mji, maana wanawake waliupenda kiasi cha kufilisi nyumba. Mnaona? Mambo ya nguo na ugomvi wa ndani hayakuanza na Instagram.

Hata lile shuka la merikani lilipata jina lake kwa sababu lilitoka Marekani, kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walioanza kufanya biashara na Zanzibar kabla ya katikati ya karne ya 19. Waingereza wa Manchester walijaribu kuliiga, wateja wa huku wakalipapasa na kulikataa. Mteja wa Afrika Mashariki hajawahi kuwa mjinga. Mwenye duka ndiye anayetakiwa kumsoma.

Hesabu kwa macho

Njia ya kwanza ni kuangalia. Wasomi wanaiita ushuhudiaji, na ina sifa moja nzuri: macho hayapokei majibu ya adabu. Mwaka 1919 mtaalamu wa elimu ya binadamu wa Marekani, Alfred Kroeber, alichapisha kazi ambayo ndani yake alipima urefu na upana wa magauni kwenye picha za majarida ya mitindo, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1940 yeye na Jane Richardson wakaja na kubwa zaidi, iliyorudi nyuma karibu karne tatu. Waligundua kwamba chini ya vurugu za kila msimu, umbo la gauni linabadilika polepole sana, kwa miongo mingi. Hilo ni la kukumbuka kabla hujajaza duka kwa kitu kilichovuma wiki tatu.

Wewe huhitaji karne tatu. Simama karibu na Mnara wa Saa saa mbili asubuhi siku ya kazi, halafu nenda Sokoine Road Jumamosi mchana. Chagua vitu vitano tu: suruali ya ofisini, gauni la kitenge, sketi, jinzi, sweta. Piga mistari kwenye daftari kila anapopita mtu aliyevaa. Rudia muda ule ule wiki inayofuata. Halafu nenda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, na Ngaramtoni Alhamisi au Jumapili, uone wanaoshuka kutoka vijiji vya mlimani wanavaa nini na wanapapasa nini. Utashangaa. Mji wetu uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, Meru imesimama nyuma yetu na mita zake zaidi ya 4,500, na Juni na Julai baridi inashuka kweli kweli. Lakini nenda kwenye butiki nyingi mwezi huo uone: vigauni vya mikono mifupi vilivyochaguliwa na mtu aliyekuwa anafikiria Dar.

Mabingwa wa njia hii mnawafahamu. Ni wale wauza mitumba wa Samunge na Kilombero. Belo likifunguliwa, mama yule hahitaji kompyuta. Anajua kipi kitaenda kwa mwalimu wa Sanawari, kipi kitachukuliwa na kijana wa Kijenge, na kipi kitapelekwa mnadani Jumapili. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa mitumba polepole, wengi wetu tulidhani butiki ndizo zitapona. Mitumba bado ipo. Ukifungua duka Arusha mshindani wako wa kwanza ni huyo mama, na yeye ameshafanya utafiti wa miaka 20.

Usiulize "ungenunua?"

Njia ya pili ni kuuliza, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa bila mtu yeyote kukusudia uongo. Sisi ni watu wa adabu. Ukimwonyesha shosti wako picha ya gauni ukamuuliza, "Ungenunua hili?" atakujibu, "Jamani zuri! Ukileta tu, niwekee." Wifi naye atasema hivyo hivyo. Siku ya kufungua watakuja, watakunywa soda, watapiga picha, na wataondoka na hereni.

Watafiti wa soko wanajua ugonjwa huu, ndiyo maana wanauliza yaliyotokea badala ya yatakayotokea. Jaribu maswali haya. Nguo ya mwisho uliyonunua ni ipi? Ulinunua lini, wapi, na ulilipa shilingi ngapi? Nani alikuwa na wewe? Kuna nguo gani uliinunua halafu huivai, na kwa nini? Hilo la mwisho ni dhahabu. Mtu akianza kueleza kwa nini lile koti limelala kabatini tangu mwaka jana, nyamaza uandike. Hapo anakufundisha biashara bure.

Na usiulize marafiki peke yao. Kama wote unaowauliza wanakula chakula cha mchana mahali pamoja na wewe, unajiuliza mwenyewe mara kumi na tano.

Tepu ya fundi

Hii ya kuchagua watu vibaya iliwahi kulikwaza taifa zima. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani, kupitia wizara ya kilimo, iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vipate saizi za uhakika. Kazi kubwa, tena ya heshima. Lakini waliojitokeza walikuwa wa kujitolea waliolipwa posho kidogo, kwa hiyo wenye uhitaji ndio waliojaa, na hesabu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe tu. Saizi rasmi zilizotangazwa mwaka 1958 zilijengwa juu ya msingi huo. Miaka ikaenda, wanawake wakawa wanajiona wao ndio wenye maumbo mabaya, kumbe tepu ndiyo iliyopotoka. Uingereza iliamua kupima upya mwaka 2001 na 2002, safari hii watu kama 11,000 na mashine za kuupiga picha mwili mzima pande zote.

Sasa fikiria dada wa Arusha anayenunua suruali iliyokatwa kwa mwili wa mtu wa bara lingine. Nyonga zimekaa, kiuno kinapwaya, unaweza kuingiza ngumi nyuma. Anaipeleka kwa fundi kupunguzwa. Fundi huyo, aliyekaa barazani na cherehani yake, ana daftari la vipimo vya mamia ya wanawake halisi wa mji huu. Nani amewahi kwenda kumuuliza? Mpelekee soda, kaa naye mchana mmoja, muulize ni marekebisho gani anafanya kila wiki. Usimwombe majina ya wateja wake, hayo ni ya siri. Muulize kiuno, nyonga na urefu. Utatoka pale na kitu ambacho muuzaji wa Guangzhou hana.

Daftari la kilichokosekana

Ukishaanza kuuza, utafiti hauishi, unahamia kaunta. Kampuni ya Zara, iliyofungua duka lake la kwanza La Coruña, Hispania, mwaka 1975, ilijenga jina kwa kusikiliza maduka yake. Mameneja wanatuma taarifa makao makuu za kilichouzwa na walichokiulizia wateja, na wabunifu wanafanyia kazi. Wanatengeneza kidogo kwanza, wanaangalia, ndipo wanaongeza.

Mauzo yako yanaonekana hata kwenye mashine ya risiti. Ila mashine haimwoni mteja aliyeingia, akauliza kitu, akakikosa, akatoka. Huyo anahitaji daftari. Kurasa mbili kila siku: upande huu kilichouzwa na saizi yake, upande ule kilichoulizwa kikakosekana. Mwisho wa mwezi, upande wa pili ndio unaokwambia ulete nini. Na kabla ya kuleta mia, leta sita. Tatu weka kwa bei hii, tatu kwa bei ile, tuma picha kwenye WhatsApp kwa watu tofauti, uone. Jaribio la vipande sita likikwama halivunji nyumba.

Mji unahama

Kuna kosa lingine la kitaalamu: kufanya utafiti mara moja na kuuwekea fremu ukutani. Arusha inabadilika wateja. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda iliundwa mwaka 1994 ikawekwa hapa, pale AICC, na kwa miaka 20 hivi mji ulikuwa na majaji, mawakili, wakalimani na familia zao, watu wa suti nzuri na mishahara mizuri. Tarehe 31 Desemba 2015 ikafungwa, na kazi zilizobaki zikaenda kwenye taasisi ndogo huko Lakilaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilizindua makao makuu yake mapya mwaka 2012. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo hapa tangu 2007. Watalii nao wana miezi yao. Anayeuza suti kwa kumbukumbu za mwaka 2010 anauza kwa watu walioshapanda ndege.

Yeyo naye aulizwe

Neno moja kuhusu adabu, maana utafiti bila adabu ni wizi wenye kalamu. Wengi wenu mnapenda kuchanganya shanga za kimasai na viwalo vya kisasa, na zinatoka bomba sana. Lakini mwaka 2011 kampuni ya Louis Vuitton ilipopeleka jukwaani nguo za kiume zilizofanana na shuka za kimasai, swali likaulizwa dunia nzima: wenyewe wamepata nini? Kuna Wamasai waliojipanga kudai haki juu ya jina na miundo yao kwa sababu ya mambo kama hayo.

Basi ukienda soko la Maasai, usipige picha ya mkufu wa yeyo aliyekaa pale halafu ukampa fundi auigize. Mwamkie, kaa chini, muulize rangi zile zinavaliwa na nani na lini. Mtafiti Donna Klumpp aliandika tasnifu yake mwaka 1987 juu ya sanaa ya Wamasai, na humo umri, jinsia na wakati vina uzito mkubwa. Ukipenda kazi ya yeyo, mwagizie yeye atunge, mkubaliane bei. Utapata bidhaa halisi na utalala usingizi.

Wawili mbele ya jibu moja

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo panapouma. Kuna wanandoa ninaowafahamu, wanaishi Njiro. Mke alitaka butiki ya magauni ya jioni. Mume alitaka suti za kiume. Kila mmoja alikuwa na hakika, na kila mmoja alikuwa na nusu ya akiba. Walipoomba ushauri wangu niliwaambia kitu kimoja tu: kabla hamjauliza mtu yeyote, andikeni jibu gani litawafanya msimame. Wote wawili wasaini.

Walikaa mezani wakaandika. Kama baada ya miezi miwili hatujapata watu wa kutosha walionunua nguo ya aina hii kwa fedha yao ndani ya miezi mitatu, kwa bei inayolipa kodi, hatuchukui fremu. Wakataja na idadi. Halafu wakaanza kuhesabu, kuuliza, kukaa na mafundi. Magauni ya jioni yakaanguka mapema, maana kwenye sendofu na harusi kamati inachagua sare ya kitenge, na fundi anashona. Suti nazo zikaanguka, maana wanaume waliohojiwa walinunua moja wakaivaa miaka. Lakini dada kwa dada wa maofisini walirudia jambo moja bila kuulizwa: suruali hazikai kiunoni.

Msidhani walifurahi. Mke alilia. Mume alisema watu waliohojiwa hawakuwa sahihi, wahojiwe wengine. Usiku ule kilichowaokoa ni ile karatasi yenye saini mbili. Hakuna aliyeweza kusema "wewe ndiye uliyekataa ndoto yangu", kwa sababu aliyekataa alikuwa mteja. Wakaheshimu. Fremu hawakuchukua. Walimpa fundi mmoja wa Kijenge kitambaa cha suruali kumi, wakaziuza ofisini kwa mke, wakashona kumi nyingine. Hawajatajirika. Mume bado anazisema suti zake kila akiona bwana harusi. Lakini akiba ipo, na mezani wanaongea.

Ndiyo maana nawasisitiza wapenzi wangu. Mapenzi yanafanya tuamini kila anachosema mwenzetu, na hiyo ni sifa nzuri ya mapenzi, ila ni sifa mbaya ya mtaji. Kumwambia mpenzi wako "tukahesabu kwanza" si kumdharau. Ni kumwambia kwamba ndoto yake ina thamani kiasi cha kuipotezea Jumamosi mbili.

Kwa hiyo mwezi huu, kama kuna butiki kichwani mwenu, fanyeni hivi. Nunueni daftari. Ukurasa wa kwanza uwe wa saini zenu na jibu litakalowasimamisha. Ukurasa wa pili uwe wa hesabu za mtaani, mmoja akisimama Mnara wa Saa, mwingine Tengeru. Ukurasa wa tatu uwe wa maswali kumi ya watu msiowajua. Mkimaliza, pikeni kitu kizuri, zimeni simu, msome pamoja. Hesabu ikikubali, mtaingia kwenye fremu mkiwa wawili kweli. Ikikataa, kiwanja cha Moshono bado kinawasubiri.

Tukutane mwezi ujao. Mpendane, na mpendeze.